Nani Kaandika Zaidi, Nani Karejelewa Zaidi: Rekodi za Aljebra na Utafiti wa Operesheni

Taji la uzalishaji katika aljebra nalivisha kichwa cha Arthur Cayley, wakili wa London. Wapo waliomzidi kwa wingi wa makala katika hisabati kwa jumla, na zamu yao itafika. Lakini ndani ya aljebra yenyewe sioni aliyeandika mengi kiasi chake huku mengi kati ya hayo yakiendelea kutumika kila siku.

Alizaliwa mwaka 1821. Alisoma Cambridge, akashika namba moja katika mtihani wa mwisho wa hisabati, akapewa nafasi katika Chuo cha Trinity. Nafasi ile isingekuwa ya kudumu bila yeye kukubali kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na hakutaka. Akasomea sheria, na kwa miaka 14 akapata riziki kwa kuandika hati za kuhamisha mali. Alipokea kazi za kumtosha tu na nyingine alizikataa, ili apate muda wa hisabati. Katika miaka hiyo ya uwakili alichapisha makala kati ya 200 na 300. Wako maprofesa wengi wenye ofisi, mshahara na wasaidizi ambao hawakufikia robo ya hapo maisha yao yote.

Na si makala za kujazia. Mwaka 1854 alieleza kundi kama kitu dhahania: mkusanyo wa vitu wenye kanuni moja ya kuunganisha viwili ili kupata cha tatu, bila kujali kama vitu hivyo ni namba, mizunguko ya umbo au mabadilishano ya nafasi. Mwaka 1858 alionyesha kwamba jedwali la namba, yaani matriksi, linaweza kujumlishwa na kuzidishwa likiwa zima, kana kwamba ni namba moja. Mwaka 1863 Cambridge walimwita kwenye uprofesa uliolipa kidogo kuliko uwakili, naye akaenda. Alipofariki mwaka 1895 alikuwa ameacha makala zaidi ya 900, zikajaza majuzuu 13 makubwa.

Ninachomsifia Cayley zaidi ya idadi ni hiki: anayepanga ratiba za ndege leo anashinda na matriksi kutwa nzima, na hamtaji Cayley popote. Ndivyo inavyokwenda hisabati iliyofaulu kabisa. Inaacha kurejelewa kwa sababu imeshakuwa mali ya wote. Kwa hiyo katika orodha hii rekodi ya kuandika, rekodi ya kurejelewa na rekodi ya kutumika ni rekodi tatu tofauti, na ni nadra mtu mmoja kuzishika zote.

Waliojaza rafu

Kwa hisabati yote bila kuchagua tawi, wingi unagawanywa na watu wawili. Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel mwaka 1707 na kufariki St Petersburg mwaka 1783, anashika rekodi ya kurasa. Fahirisi iliyotengenezwa na Gustaf Eneström mwanzoni mwa karne ya 20 inamworodheshea kazi 866. Waswisi walianza kuzichapisha zote kwa pamoja mwaka 1911, na majuzuu yamepita 80. Akademia ya St Petersburg iliendelea kutoa makala zake ambazo hazijawahi kuchapishwa kwa karibu miaka 50 baada ya maziko yake. Na huyu ni mtu aliyepoteza uwezo wa jicho la kulia akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na uzeeni akawa kipofu. Kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1770 alikitoa kwa imla, na aliyeandika ni mtumishi aliyewahi kujifunza ushonaji nguo. Kinaanzia kwenye kujumlisha na kutoa hadi milinganyo ya kipeo cha nne, kwa lugha nyepesi ambayo ningependa kuiona katika vitabu vyetu vya sekondari.

Euler ana haki pia ya kutajwa upande wa pili wa makala hii. Kazi yake ya mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya Königsberg, na swali la kama mtu anaweza kuyavuka yote mara moja moja tu, ndiyo chimbuko la nadharia ya grafu. Bila nadharia hiyo usingekuwapo utafiti wa operesheni kama tunavyoujua, ile fani inayotafuta namna bora ya kugawa kilicho kichache: malori, vitanda vya hospitali, zamu za marubani.

Rekodi ya idadi ya makala ni ya Paul Erdős wa Budapest (1913–1996). Zinakaribia 1,500, na alioandika nao ni zaidi ya 500. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuwa na nyumba wala ajira ya kudumu. Alihama kutoka mji hadi mji akifikia kwa wenzake, wakifanya hisabati mpaka mwenyeji achoke. András Sárközy peke yake aliandika naye makala 62. Wanahisabati hupima ukaribu wao naye kwa namba: aliyeandika naye ana 1, aliyeandika na mwenye 1 ana 2, na kuendelea. Jambo linalosahaulika ni kwamba mahesabu ya namba hizo, mtandao wa watu waliounganishwa kwa mistari, ni grafu ile ile ambayo Erdős mwenyewe aliichunguza maisha yake yote.

Augustin-Louis Cauchy, Mfaransa, ana kazi 789 katika majuzuu 27. Inasimuliwa kwamba Akademia ya Sayansi ya Paris iliweka kikomo cha kurasa nne kwa makala za jarida lake la kila wiki kwa sababu yeye alikuwa akilijaza. Kati ya walio hai, Saharon Shelah, aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1945, amepita makala 1,100, na kila moja ina namba yake katika orodha anayoitunza. Mwaka 1974 alilichukua swali la J. H. C. Whitehead kuhusu makundi ya Abel (yale ambayo kubadili mpangilio wa viwili vinavyounganishwa hakubadili jibu), swali la aljebra safi, akathibitisha kwamba kanuni za kawaida tunazojengea hisabati haziwezi kulijibu, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Kwangu mimi makala hiyo moja ina uzito kuliko mia za watu wengine.

Kurasa chache

Mwaka 1824 Niels Henrik Abel, kijana wa Norwei, alilipia mwenyewe uchapishaji wa kijitabu cha kurasa sita kinachothibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla, kwa hesabu za kawaida na vipeuo, ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha tano. Swali hilo lilikuwa limesumbua watu tangu karne ya 16. Alibana maneno ili kupunguza gharama, na matokeo yake waliosoma hawakumwelewa. Alifariki Aprili 1829 akiwa na miaka 26, na barua ya kumpa kazi Berlin iliandikwa siku mbili baada ya kifo chake.

Évariste Galois alieleza ni milinganyo ipi inatatulika na ipi haitatuliki, na kwa nini. Aliuawa kwa risasi katika pambano la watu wawili, Mei 1832, akiwa na miaka 20. Kazi zake zote zinatosha katika kurasa takriban 60, na Joseph Liouville hakuzichapisha hadi mwaka 1846. Sijui kurasa 60 nyingine katika hisabati zilizofungua njia pana kiasi hicho.

Kati ya makala fupi kabisa imo ya Leon Lander na Thomas Parkin. Mwaka 1966, makala yao katika jarida la Jumuiya ya Hisabati ya Marekani ilikuwa na sentensi mbili. Euler alidhani kwamba ili kupata namba yenye kipeo cha tano kwa kujumlisha nyingine za kipeo hicho hicho, unahitaji angalau tano. Wao, kwa kutumia kompyuta ya CDC 6600, walipata nne: 27, 84, 110 na 133; ukipandisha kila moja kwenye kipeo cha tano na kujumlisha, unapata 144 kwa kipeo cha tano. Yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kuhakikisha. Jumla ni 61,917,364,224.

Upande wa kompyuta na operesheni, kurasa tatu zinaonekana kuwa kipimo cha bahati. Edsger Dijkstra alitumia kurasa tatu mwaka 1959 kueleza namna ya kupata njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili, na kila ramani ya simu inayokuambia upite wapi ni mjukuu wa kurasa zile. Volker Strassen naye alitumia tatu mwaka 1969, kwake tutarudi. John Nash, katika nadharia ya michezo, alihitaji mbili tu katika jarida la mwaka 1950, na tasnifu yake ya udaktari ilikuwa na kurasa 28 zenye marejeleo mawili, moja likiwa la kwake mwenyewe. Ilimpa Nobeli ya uchumi mwaka 1994.

Wanaorejelewa mno, na kwa nini

Kuhesabu mirejeo kama kazi rasmi kulianza na Eugene Garfield wa Philadelphia, aliyetoa fahirisi yake ya sayansi mwaka 1964. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akapendekeza fahirisi h: ikiwa una makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20. Ni rahisi kukokotoa, na urahisi huo ndio uliosababisha itapakae. Lakini h haiwezi kuzidi idadi ya makala. Galois alichapisha tano akiwa hai. Hata ulimwengu mzima ungemrejelea kila siku, kwa hizo tano h yake isingevuka 5.

Ukiangalia nani wamerejelewa mno karibu na fani hizi, jina linaloinuka juu ya wote ni Lotfi Zadeh, aliyezaliwa Baku mwaka 1921. Makala yake ya mwaka 1965 kuhusu seti zisizo na mipaka mikali, ambamo kitu kinaweza kuwa mwanachama kwa kiasi fulani tu, imevuka mirejeo 100,000 katika hesabu ya Google Scholar. Ndani ya utafiti wa operesheni penyewe, Abraham Charnes, William Cooper na Edwardo Rhodes wana makumi ya maelfu kwa makala yao ya mwaka 1978 ya kupima ufanisi. Tatizo lao lilitokana na mradi wa elimu ya watoto maskini Marekani. Shule haina faida ya fedha ya kupimia. Ina walimu, madawati na bajeti inayoingia, na wanafunzi wanaojua kusoma na kuhesabu wanaotoka. Wao walikuja na hesabu inayolinganisha kila shule na zile zinazofanya vizuri zaidi kwa rasilimali zinazofanana, bila mtu kukaa mezani kuamua somo gani lina uzito gani. Baada ya hapo kila aliyepima hospitali, tawi la benki au bandari kwa njia hiyo alilazimika kuwataja.

Hapo ndipo penye siri. Kazi ya operesheni hurejelewa na kila anayeitumia, na watumiaji ni wengi: wachumi, wahandisi, wauguzi, wataalamu wa usafiri. Aljebra husomwa na wachache, taratibu, na kwa muda mrefu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati na vyama vingine viwili ilionyesha kwamba katika hisabati takriban asilimia 90 ya mirejeo huangukia nje ya kile kipindi cha miaka miwili kinachotumika kupima hadhi ya majarida. Makala ya aljebra inaweza kulala miaka kumi kabla ya mtu kuihitaji. Vyuo vikuu vyetu Afrika Mashariki navyo huhesabu machapisho mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, na anayefundisha aljebra akiwekwa kwenye mzani mmoja na mtafiti wa tiba ataonekana mvivu hata kama hakulala usiku.

Kibaya zaidi, namba zinazoweza kupandishwa hupandishwa. Novemba 2023 kampuni ya Clarivate, inayotoa kila mwaka orodha ya watafiti wanaorejelewa sana duniani, iliiondoa hisabati yote kwenye orodha hiyo. Fani ni ndogo, mirejeo yake ni michache, kwa hiyo kikundi cha watu waliokubaliana kurejeleana kinaweza kumpandisha yeyote hadi kileleni. Uchunguzi wa Domingo Docampo wa Hispania ulikuwa umeonyesha vyuo visivyo na sifa yoyote katika hisabati vikizipita taasisi zilizolea washindi wa medali ya Fields. Clarivate walifanya vyema kuifuta. Rekodi ya namna hiyo inawaumiza hasa vijana wanaofanya kazi ya kweli.

Waliotumika bila kutajwa

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi William Karush aliwasilisha tasnifu ya shahada ya uzamili. Ndani yake alitoa masharti ambayo jibu bora lazima liyatimize pale unapotafuta kiwango cha juu au cha chini ukiwa umebanwa na mipaka: bajeti isizidi hapa, lori lisibebe zaidi ya pale. Tasnifu ikawekwa maktaba, haikuchapishwa. Mwaka 1951 Harold Kuhn na Albert Tucker wa Princeton wakatoa masharti yale yale bila kujua, dunia ikayaita kwa majina yao, na fani mpya ikajengwa juu yake. Karush hakulalamika hadharani. Katika miaka ya 1970 Kuhn alikutana na habari za tasnifu ile katika kitabu cha Akira Takayama, akamwandikia Karush, na akatangaza waziwazi kwamba mwenzao alitangulia. Leo masharti hayo yana majina matatu, na la Karush ndilo la kwanza. Kati ya rekodi zote nilizozikusanya hapa, ya miaka 35 hivi ya kutumika bila kutajwa ndiyo inayonigusa kuliko nyingine, na uungwana wa Kuhn unastahili rekodi yake.

Mwaka huo huo wa 1939, Leningrad, Leonid Kantorovich aliombwa ushauri na kiwanda cha mbao za plywood: mashine kadhaa, aina kadhaa za mbao, kila mashine ina kasi yake kwa kila aina; igawe vipi kazi ili upate nyingi? Akagundua kwamba hilo ni tatizo la jumla, akaandika kijitabu, na humo kukazaliwa upangaji mstari. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa miaka mingi kazi yake ya uchumi ilitazamwa kwao kwa shaka, kwa kuwa bei zilizotoka katika hesabu zake hazikufanana na mafundisho rasmi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1960, miaka 21 baadaye.

Wakati huo Mmarekani George Dantzig alikuwa ameshalifikia tatizo lile lile kwa njia yake. Mwaka 1947, akifanya kazi ya kupanga mahitaji ya jeshi la anga, alibuni mbinu ya simpleksi. Mipaka yote ya tatizo hufanya umbo lenye pembe nyingi, na jibu bora hupatikana kwenye pembe mojawapo. Simpleksi huanza kwenye pembe yoyote na kuhamia kila mara kwenye jirani iliyo bora zaidi, mpaka pasiwe na iliyo bora kuliko hapo ilipo. Namba zote zinazobebwa katika safari hiyo zimekaa kwenye matriksi za Cayley. Mwaka 1975 Nobeli ya uchumi ilitolewa kwa kazi ya kugawa rasilimali kwa ubora, ikaenda kwa Kantorovich na Tjalling Koopmans. Dantzig aliachwa, na Koopmans mwenyewe alisikitishwa. Mimi naona ni kosa kubwa la kamati ile.

Emmy Noether ni suala jingine. Makala yake ya mwaka 1921 iligeuza aljebra kutoka kwenye ukokotoaji wa milinganyo kuwa uchunguzi wa miundo, na jina lake likawa kivumishi ambacho wanaaljebra hukitumia bila hata kuweka rejeo. Anatamkwa na kila mwanafunzi, lakini fahirisi hazimhesabii. Göttingen alifundisha kwa miaka bila mshahara, mwanzoni masomo yakitangazwa kwa jina la David Hilbert kwa kuwa yeye ni mwanamke. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kwa kuwa ni Myahudi. Alifariki Pennsylvania mwaka 1935.

Uthibitisho mrefu kuliko maisha ya mtu

Walter Feit na John Thompson walipothibitisha mwaka 1963 kwamba kila kundi lenye idadi witiri ya wanachama linaweza kuvunjwa hadi vipande vyepesi, walihitaji kurasa 255, na toleo zima la jarida moja likawa lao. Wakati ule watu walishangaa. Ilikuwa mwanzo tu. Lengo lilikuwa kuorodhesha makundi sahili yote yenye ukomo, yale yasiyovunjika, ambayo mengine yote hujengwa kwayo. Wanahisabati takriban mia moja walishiriki, wengi kati ya miaka 1955 na 1983, wakiongozwa na mpango wa Daniel Gorenstein. Makala ni mamia, na kurasa zinakadiriwa kati ya 10,000 na 15,000. Mwanya mmoja ulibaki, na Michael Aschbacher na Stephen Smith waliuziba mwaka 2004 kwa kazi ya kurasa karibu 1,200.

Jibu lenyewe linaandikika kwenye ukurasa mmoja: familia chache zisizo na mwisho, na makundi 26 yaliyojitenga yasiyofuata utaratibu wa yeyote. Kubwa kati ya hayo 26 huitwa Dubwana. Idadi ya wanachama wake ni namba yenye tarakimu 54, na ili kulionyesha kama mizunguko ya anga unahitaji vipimo visivyopungua 196,883. Robert Griess alilijenga kwa mkono, bila kompyuta, na kuchapisha mwaka 1982.

Makala nyingi leo huandika kwamba kwa mujibu wa uainishaji wa makundi sahili jambo fulani ni kweli, kisha zikaendelea. Haziwataji wale watu mia moja, na haziwezi. Gorenstein, Richard Lyons na Ronald Solomon walianza kuuandika upya uthibitisho mzima kwa mfululizo, na juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1994, Gorenstein akiwa ameshafariki. Wenzao wakaingia kuendeleza. Ni mbio dhidi ya umri: wanaojua kila kona ya uthibitisho ule wanazeeka, na vijana hawapati cheo kwa kuandika upya kilichokwisha kuthibitishwa.

Mwaka 2007 timu ya wanahisabati 18 ilimaliza kukokotoa jedwali la muundo uitwao E8. Jedwali lina safu mlalo 453,060 na safu wima 453,060. Hesabu ya mwisho ilichukua saa 77 kwenye kompyuta kubwa, na jibu lilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 60. Programu iliyofanya kazi hiyo iliandikwa na Fokko du Cloux wa Lyon. Alikuwa na ugonjwa uliokuwa ukimpooza viungo, akaendelea kuifanyia kazi alivyoweza, na akafariki Novemba 2006, miezi miwili kabla hesabu haijakamilika.

Mbio zinazoendelea

Utafiti wa operesheni una rekodi za aina yake, za kasi na ukubwa. Mwaka 1945 George Stigler aliuliza: kwa vyakula 77 na mahitaji 9 ya lishe, mlo wa bei nafuu kuliko yote kwa mwaka ni upi? Kwa kukisia kwa busara alipata dola 39.93 kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 Jack Laderman alijaribu simpleksi juu ya swali hilo. Makarani tisa wenye mashine za kukokotolea za mkono walitumia siku za kazi zipatazo 120, ukijumlisha za wote, na jibu sahihi likawa dola 39.69. Stigler alikosea senti 24 tu. Leo simu ya mfukoni inalitatua kabla hujainua kidole. Robert Bixby, mtengenezaji wa programu za fani hii, alipima kwamba kati ya 1988 na 2004 mashine ziliongezeka kasi mara 1,600, na algoridhimu zenyewe mara 3,300. Hisabati iliwashinda watengenezaji wa chipu.

Rekodi za ukubwa zinaonekana katika tatizo la mchuuzi anayetaka kupita miji yote mara moja na kurudi nyumbani kwa njia fupi kuliko zote. Mwaka 1954 Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walilitatua kwa miji 49 ya Marekani. Mwaka 2004 miji na vijiji 24,978 vya Uswidi vilikamilika. Mwaka 2006 David Applegate, William Cook na wenzao walithibitisha njia fupi ya vituo 85,900, vilivyotoka kwenye usanifu wa chipu ya kompyuta, kwa kazi ambayo kichakataji kimoja kingeifanya kwa takriban miaka 136.

John Little hakuhitaji kompyuta yoyote. Kurasa zake tano za mwaka 1961 zinathibitisha kwamba wastani wa watu walio ndani ni kasi ya kuingia mara muda wanaokaa. Benki ikiingiza wateja wawili kwa dakika, na kila mmoja akikaa dakika 15, ndani wako 30 kwa wastani, foleni iwe moja au tano. Kanuni hiyo inafundishwa kila mahali panapofundishwa foleni.

Namalizia na Strassen, kama nilivyoahidi. Kuzidisha matriksi mbili za mbili kwa mbili kulijulikana kuhitaji mizidisho nane ya namba. Katika kurasa zake tatu za 1969 alionyesha kwamba saba zinatosha, na kwamba ukirudia hila hiyo ndani kwa ndani, matriksi za ukubwa n zinazidishwa kwa hatua zinazokua kama n kwa kipeo cha 2.81 badala ya 3. Mbio za kukishusha kipeo hicho zikaanza. Don Coppersmith na Shmuel Winograd walikifikisha 2.376, kikakaa hapo kwa takriban miaka 20. Tangu 2010 kimeshushwa tena mara kadhaa, kila mara kwa sehemu ndogo sana, na mwaka 2024 kikafika 2.371339. Algoridhimu hizi za karibuni hazina faida kwenye mashine yoyote iliyopo. Zingeanza kushinda kwenye matriksi kubwa mno kuliko tunazoweza kuzihifadhi. Wanaozitafuta wanalijua hilo na wanaendelea, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba kipeo hakiwezi kufika 2.